Mgeni Asiyefika Siku ya Jembe

Wahenga wetu walituachia methali mbili juu ya mgeni, na ni hatari kuishika moja na kuitupa ya pili. Ya kwanza yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi, penye mazungumzo ya utalii, ni ile ya kwanza tu inayotajwa. Hutajwa mikutanoni, hutajwa redioni, hutajwa na kila mwenye mradi mkononi. Ile ya pili imenyamaziwa kana kwamba ni tusi kwa mgeni. Mimi naona si tusi hata kidogo. Jembe ni heshima. Mgeni akipewa jembe amekwisha kuwa mtu wa nyumbani: anajua kisima kiko wapi, anajua nyumba ipi ina mgonjwa, na jasho lake limo katika chakula anachokula. Mwenyeji haponi kwa kumwona mgeni akipita. Hupona kwa kukaa naye.

Nayasema haya kwa sababu hapa kwetu Mafia, tangu Kilindoni hata huku Kiegeani, yako maneno yanayorudiwa barazani: kwamba dawa ya umaskini wetu ni zile meli kubwa za kitalii, majumba ya ghorofa yanayoelea, ambazo hutia nanga asubuhi, zikamwaga watu pwani, na jioni zikawazoa na kwenda zao. Watu huitazama Unguja, huitazama Mombasa, na tangu meli za watalii zianze kutia nanga Kilwa Kisiwani huitazama na Kilwa pia, wakauliza: Kwa nini wao na si sisi? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba tusiziombe. Meli ya namna hiyo humleta mgeni ambaye kwa ratiba yake hawezi kufika hata siku ya pili, sembuse ya tatu. Na kisiwa kinachojitengeneza ili kimpokee mgeni wa saa nane hugeuka polepole, kikawa kisiwa cha saa nane.

Hebu tuitazame siku yenyewe. Nimeishi Unguja miaka tisa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikula kwa kuwatembeza wageni Mji Mkongwe, kwa hiyo siku ya meli naijua. Meli hufunga gati Malindi mapema asubuhi. Hati zikishakaguliwa, abiria hushuka kwa makundi, kila mmoja amebandikwa kifuani karatasi yenye nambari ya basi lake, na mtembezaji husimama ameinua kibao chenye nambari hiyo kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kundi moja hupelekwa mashamba ya viungo Kizimbani au Kidichi. Watu hunusa mdalasini na hiliki, kijana hupanda mnazi, na kila mtu huvishwa kofia ya makuti. Kundi la pili huvushwa Changuu kuwatazama makobe, ambao mbegu yao ililetwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kundi la tatu hutembezwa mjini. Ikifika alasiri, kila mtu awe melini, maana meli haimngoji mtu.

Na hiyo si fumbo. Mwezi Machi 2024 abiria wanane wa meli moja iliyokuwa ikisafiri kutoka Cape Town kwenda Hispania walichelewa kurudi kutoka matembezini katika kisiwa cha São Tomé. Meli ikang'oa nanga na kuwaacha. Ilibidi wahangaike nchi baada ya nchi mpaka wakaipata huko Senegal. Wale walikuwa wateja wenyewe, waliolipa nauli zao. Ikiwa meli haiwangoji walioilipa, itawangoja wenyeji?

Mjini, kundi langu lilifika Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, mwaka uleule Sultani Barghash alipolifunga soko hilo kwa mkataba. Hapo ipo sanamu ya watu wameingizwa shimoni, minyororo shingoni. Muda uliopangwa na kampuni iliyotuajiri, ambayo sina haja ya kuitaja, ulikuwa dakika ishirini pamoja na nafasi ya kwenda msalani. Dakika ishirini kwa biashara ya utumwa! Siku moja bibi mmoja mzee, mwalimu mstaafu kwa alivyoniambia, alinishika mkono akaniuliza: Wajukuu wa watu hawa wanaishi wapi sasa, na wenzao wanawaitaje? Ndugu msomaji, katika miaka yangu yote sikuwahi kuulizwa swali bora kuliko hilo. Jibu lake lilitaka tukae chini, tuongee habari za Ng'ambo na za mashamba, na majina ambayo watu wameyaficha na mengine ambayo wamejipa. Lakini kundi la nyuma yetu lilikuwa limekwisha kufika mlangoni, na nambari yetu ilibidi iinuliwe. Bibi yule aliondoka Zanzibar na swali lake mkononi. Simlaumu. Naye alidhulumiwa: alikuja na moyo wa kujua, akauziwa nafasi ya kupita.

Kisha mtazame jioni. Kila aliyefika Unguja anajua kwamba Forodhani huchangamka jua likizama. Ndipo meza hupangwa, taa huwashwa, pweza na mishikaki hupanda moto, miwa hukamuliwa, na watu wa mji wenyewe, wazee kwa watoto, hutoka kupunga upepo. Hapo ndipo mgeni angekaa kitako karibu na mwenyeji na kula anachokula mwenyeji. Na saa hiyohiyo ndiyo meli inakuwa imekwisha kuwazoa watu wake. Wachoma mishikaki huanza kuwasha mkaa, na moshi wa meli uko mbali baharini. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi mgeni na mwenyeji wanavyoweza kupishana wakiwa mji mmoja, siku moja.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa kuwa ndiyo hoja kubwa ya wanaozitaka meli. Mtalii anayelala hoteli hununua kitanda, chai ya asubuhi, samaki wa mchana, gari, na mara nyingine dawa ya tumbo. Kila kimoja kati ya hivyo kina mtu wa nchi nyuma yake: mvuvi, mpishi, dereva, mfua nguo, mkulima wa mchicha. Abiria wa meli amekwisha kulipia kitanda chake na chakula chake mbali sana na hapa, kabla hajaiona bahari yetu. Adhuhuri ikifika wengi hurudi melini kula, kwa sababu chakula hicho kimelipiwa, na mtu hapendi kulipa mara mbili. Hata matembezi yake ameyanunua melini, na meli huchukua fungu lake nono kabla ya kumpa mwenye basi. Mwenye basi naye huchukua lake kabla ya kumpa mtembezaji. Kinachobaki mfukoni mwa abiria ni fedha ya kikumbusho: kanga, kinyago, pakiti ya karafuu.

Na meli yenyewe ni ya nani? Kampuni tatu kubwa za biashara hii zina ofisi zao Marekani, lakini kwa karatasi zimezaliwa kwingine: Carnival iliandikishwa Panama, Norwegian huko Bermuda, na Royal Caribbean imeandikishwa Liberia. Naam, Liberia, nchi ya Afrika. Hazikwenda huko kwa sababu ya kuzipenda nchi hizo. Zilikwenda kwa sababu ya sheria zake za kodi. Basi wenye meli wanajua sana thamani ya kuchagua bandari kwa masharti yanayowafaa. Sisi tunaambiwa kuwa na masharti ni kumfukuza mgeni.

Wako watakaosema kwamba Unguja ni mfano mmoja, na kwamba tatizo ni mipango mibovu tu. Basi twende mbali, mahali ambapo mipango imefanywa kwa miaka mingi na meli zimekuja kwa wingi kupita kiasi. Huko Mexico, upande wa Bahari ya Karibi, kipo kisiwa kiitwacho Cozumel. Kinafanana na chetu kwa mengi. Kiko kando ya bara kama sisi. Kina matumbawe ambayo wazamiaji husafiri kutoka mbali kuyaona. Na matumbawe hayo yalifanywa hifadhi mwaka 1996, mwaka mmoja baada ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia kutangazwa mwaka 1995. Wakazi wake hawafiki laki moja. Abiria wa meli walioshuka huko mwaka 2019 walizidi milioni nne. Yaani kwa kila mkazi mmoja, walipita wageni zaidi ya arobaini.

Kijana mmoja wa ukoo wetu, mzaliwa wa hapa Kiegeani, aliwahi kuwa dobi katika meli iliyokuwa ikifika Cozumel karibu kila wiki. Aliporudi likizo nilimwuliza Mexico ikoje. Akanijibu: "Mjomba, Mexico ni duka la simu." Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba wafanyakazi hupewa saa mbili au tatu za kushuka, na wengi wao, Wafilipino, Wahindi, Waindonesia na yeye Mmafia peke yake, hukimbilia duka lenye intaneti karibu na gati ili wazungumze na nyumbani. Kwa hiyo alifika Mexico mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na kila mara alikwenda kuzungumza na Kiegeani. Nikamwuliza: Na abiria, wao waliona nini? Akasema wengi hawakupita mbali na maduka ya gatini, maduka ya vito na saa na pombe, na kwamba maduka hayo, majina yaleyale, aliyaona katika visiwa vingine vyote walivyotia nanga. Mtu akishuka hajui kama ni Mexico au ni Jamaika mpaka asome ukutani.

Gati moja kati ya yale makubwa ya Cozumel, liitwalo Puerta Maya, liko mikononi mwa Carnival yenyewe. Maana yake abiria hutoka katika meli ya kampuni akatua katika gati la kampuni. Mwenyeji amebakiwa na nini? Amebakiwa na jua na matumbawe. Na hata matumbawe yametiwa wasiwasi, maana gati kubwa haliwi mpaka bahari ichimbuliwe, na ndiyo sababu wakazi wengi wa kisiwa hicho walisimama kulipinga gati la nne lilipopendekezwa.

Mwishoni mwa mwaka 2024 bunge la Mexico liliamua kwamba kila abiria wa meli hizi alipe dola 42. Kampuni zilipiga kelele, zikatishia kuzielekeza meli kwingine. Ada ikaahirishwa, wakakaa mezani, na ilipoanza Julai 2025 ikawa dola 5, kwa makubaliano ya kupanda kidogo kidogo hadi dola 21 mwaka 2028. Ifikirie habari hiyo vizuri. Mexico ni taifa la watu zaidi ya milioni mia na ishirini. Limezipokea meli hizi kwa miaka mingi, na wenye meli hawawezi kwa urahisi kupata bahari nyingine kama ile karibu na Marekani. Taifa hilo lilisema 42 likaanza na 5. Je, Halmashauri ya Wilaya yetu, yenye watu elfu sitini na kitu kwa sensa ya 2022, itasema ngapi na ianze na ngapi, kama itasubiri mpaka meli ziwe zimekwisha kuzoeleka?

Tena mgeni wa meli ni mgeni ambaye hurudi nyuma kwa upepo mdogo. Mwezi Machi 2020, korona ilipoenea, meli zilisimama dunia nzima, na Cozumel ilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila kuona hata moja. Sisi wa pwani hii tulikwisha kulionja hilo mapema. Novemba 2005 maharamia waliishambulia meli ya Seabourn Spirit karibu na pwani ya Somalia, ikiwa safarini kuelekea Mombasa. Na katika miaka iliyofuata wenye meli wengi waliikwepa bahari yetu. Mombasa ina viwanda, ina bandari ya mizigo, ina mikono mingine ya kulia. Kisiwa kidogo kilichouza mashua zake za kuvulia kikanunua za kutembezea kingekula nini?

Najua nitaambiwa kwamba mimi ni adui wa wageni. La hasha. Pwani hii imejengwa na wageni, na Mafia zaidi. Lakini tukumbuke walikujaje. Jahazi lililotoka Arabuni au Bara Hindi lilisukumwa na kaskazi, na kaskazi ikishakuleta haikurudishi. Sharti ungoje kusi. Kwa hiyo nahodha na mabaharia wake walikaa wiki, walikaa miezi. Waliugua wakauguzwa. Waliazima, wakakopesha, wakagombana na kupatanishwa. Wengine walioa. Walisimama safu moja na wenyeji msikitini. Lugha tunayoisema ilikolea kwa kukaa huko, na magofu ya Kua kule Juani, pamoja na yale ya Chole, ni nyumba za watu waliokaa. Si wote waliokuja kwa heri, na baadhi ya waliokaa walikaa kwa jeuri. Historia ya mashamba ya minazi ya kisiwa hiki ina jasho la watumwa ndani yake, na sisemi kwamba zamani ilikuwa pepo. Nasema upepo ulimlazimisha mgeni kuwa binadamu mbele ya mwenyeji. Ulimfikisha siku ya tatu, akapewa jembe. Na wageni ambao hawakukaa, ambao walikuja ghafla wakachukua wakaondoka, Wasakalava wa Bukini walioivamia Kua mwanzoni mwa karne ya 19, hao tunawakumbuka kwa jina jingine.

Siwafananishi wastaafu wa Ulaya na wavamizi. Wale ni watu wa amani, wengi wana huruma kuliko sisi. Nafananisha mipango. Mpango uliotengenezwa ili mtu asikae, hata mtu akiwa mwema, hauachi nafasi ya wema wake kufanya kazi.

Hoja nzito kuliko zote sikuisikia kwa mkubwa yeyote. Niliisikia kwa kijana wa bodaboda hapa njia panda. Aliniambia: "Mjomba, wewe umekwenda Unguja, umekula meli, sasa umerudi unatufungia mlango. Mimi hata elfu kumi ni elfu kumi." Maneno hayo siyadharau. Mwenye njaa hahubiriwi. Lakini nilimjibu hivi, na nakujibu na wewe unayewaza kama yeye. Mpwa wangu, ni kweli nilikula, ila meli haikunishibisha. Siku za meli zilikuwa za msimu, na hata katika msimu zilikuwa za kuhesabu. Katika miaka tisa hakuna abiria hata mmoja wa meli aliyerudi kunitafuta. Walioniweka mjini ni wale waliokuja wakalala wiki: waliokwenda na mimi sokoni Darajani, wakala kwangu, wakarudi nyumbani wakawaambia ndugu zao, na ndugu zao wakaja wakauliza jina langu. Elfu kumi ya abiria wa meli huwa elfu kumi. Elfu kumi ya mgeni aliyelala huzaa. Tena siku ya meli wanaoifaidi ni wenye mabasi na wenye vibali, ambao watashuka na mabasi yao kutoka Dar es Salaam kabla pikipiki yako haijawashwa.

Na sasa tufanye hesabu ya hapahapa. Tuchukue meli ya kiasi tu, ya abiria 2,000, nusu yao washuke. Gati la Kilindoni halikujengwa kwa ajili ya majumba hayo. Meli itasimama mbali na kuwashusha watu kwa mashua. Watu 1,000 kwa mashua za watu 25 ni safari arobaini za kushuka na arobaini za kurudi. Wakishatua wataonyeshwa nini kwa saa zilizobaki? Wengine watapandishwa magari kwenda Utende ili wavuke kuiona Chole, na njia ya Utende inapita Kiegeani. Hapo ndipo sisi tutaingia katika utalii: tutapitwa. Watatuona madirishani, minazi yetu na mihogo yetu na watoto wetu wanaopunga mikono, mara ya kwanza wakienda, mara ya pili wakirudi mbio. Chole ni kisiwa kidogo ambacho mtu hukizunguka kwa miguu. Watu mia tatu wakishuka kwa mkupuo, wale popo wakubwa watakimbia kwanza, na wanakijiji watafunga milango baadaye.

Wengine watataka kuogelea na papa potwe. Potwe hukaribia Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi, na ndiyo miezi ambayo meli za kitalii hupita bahari yetu. Samaki huyu ni mpole. Hana meno ya kumng'ata mtu, na anakula vijidudu na samaki wadogo. Yapo masharti kwamba asiguswe, asizibiwe njia, na kwamba watu majini wawe wachache. Sasa waza watu mia mbili ambao meli yao inaondoka saa kumi na moja, kila mmoja amekwisha kulipia potwe wake melini, na potwe walioonekana asubuhi hiyo ni wanne. Nani atasema sharti ni sharti? Kijana wa mashua, mwenye mtoto nyumbani?

Tukumbuke pia kwamba bahari hii imekwisha kulipiwa, na waliolipa ni sisi. Baruti zilipokuwa zikipigwa hapa, ni wavuvi wa Mafia waliolia kwamba samaki wanaisha. Hifadhi ilipokuja, waliambiwa waache juya, waache maeneo fulani, wavue hapa wasivue pale. Wengine waliona haki, wengine waliona dhuluma, lakini wote waliona mabadiliko katika kitoweo chao. Mwaka 1998 joto la bahari likayaua matumbawe mengi, na yaliyosalia yakapona polepole sana mbele ya macho yetu. Je, mtu aliyeambiwa kwa miaka thelathini asitupe nyavu zake ili matumbawe yapone, aambiwe leo kwamba nanga ya meli haina neno?

Sisemi mlango upigwe kufuli milele. Nasema masharti yaandikwe kabla ya meli, si baada yake. Meli inayotaka Mafia ilale hapa angalau usiku mmoja, ili watu wake wale chakula cha jioni cha nchi kavu na kusikia adhana ya alfajiri. Idadi ya watakaoshuka kwa siku ipangwe, na iwe mamia, isiwe maelfu. Ada ya kila kichwa itajwe, na fungu la vijiji libandikwe ubaoni katika kila ofisi ya kijiji, shilingi kwa shilingi, mpaka bibi anayesuka ukili aweze kusomewa. Waongozaji wawe wa hapa. Na mwenye meli akisema masharti ni mazito, apite salama. Bahari ni pana.

Kwa nini nasisitiza kabla? Kwa sababu wako waliojaribu baada. Mji wa Key West, huko Florida, Marekani, ulizipokea meli hizi kwa miaka mingi. Novemba 2020 wakazi walipiga kura, na wengi wao wakaamua kwamba wasishuke zaidi ya watu 1,500 kwa siku, na kwamba meli kubwa zisifike. Kura ilikuwa halali. Mwaka uliofuata wakubwa wa jimbo walitunga sheria iliyoifuta. Wakati huo kulikuwa na gati, kulikuwa na wenye gati, na wenye gati walikuwa na marafiki. Nchi tajiri, watu waliosoma, kura mkononi, na bado walichelewa.

Sisi hatujachelewa. Mafia haijawa bandari ya meli hizo, na kwa mara moja uchache wetu ni nguvu yetu: hakuna mwenye gati wa kumwogopa, hakuna kijana aliyekopa basi kwa ajili ya msimu wa meli, hakuna mkataba uliofichwa kabatini ambao mtu atatuonyesha akisema mambo yamekwisha. Basi mkutano wa kijiji unaokuja, pale ajenda ya mengineyo itakaposomwa, asimame mtu aseme: Tuandike masharti yetu ya meli. Wakimcheka, aseme tena. Na akiulizwa tunataka mgeni wa namna gani, ajibu kwa methali ile iliyonyamaziwa: tunamtaka atakayefika siku ya jembe.